Hongera kwa Wanaotambua Ndege kwa Picha

Ukipiga picha ya mwewe juu ya bustani ya Mnazi Mmoja na kuwatumia watazamaji ndege wenzako, hawakimbilii kukupa jina. Wanauliza kwanza: umeipiga mwezi gani? Mkia una panda? Mdomo je, wa njano au mweusi? Swali la mdomo lina uzito. Mwewe wetu akishakomaa mdomo wake ni wa njano, lakini kinda lake lina mdomo mweusi, kama wale mwewe wageni wanaokuja kukimbia baridi ya Ulaya. Ndiyo maana picha ya Julai na ya Desemba hazisomwi sawa.

Subira hiyo naienzi sana. Hawalipwi, na wengi wana shughuli zao, lakini wataikuza picha ya simu iliyopigwa kutoka ghorofani Kariakoo mpaka shingo ya kunguru ionekane. Ikiwa ya kijivu, ni yule wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, ambaye leo ametapakaa Dar es Salaam akila mayai na makinda ya ndege wengine. Ikiwa nyeupe pamoja na kifua, ni kunguru wetu wa asili, na picha hiyo ya katikati ya jiji itunzwe.

Kwa kumbukumbu za namna hii, ndege gani, wapi, lini, Neil na Liz Baker wamejenga Atlasi ya Ndege wa Tanzania tangu miaka ya 1980. Hongereni nyote, hasa mnaothubutu kujibu: "Bado sina hakika, tuma nyingine."