Nasaba ya Mke Asiyetajwa Jina katika Mighani ya Luanda Magere

Katika mighani ya Wajaluo wa Kano, mashariki ya Kisumu, Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe, ana ukoo unaotajwa: Sidho. Mkewe wa Kinandi, aliyeozwa na wazee wa adui ili aipeleleze siri ya nguvu zake, katika masimulizi yanayofahamika sana hatajiwi jina, baba wala mlango. Hutambulishwa kwa kabila lake tu. Makala hii inadai kwamba pengo hilo lina kazi maalumu.

Tumlinganishe Magere na Fumo Liyongo wa utenzi wa Muhamadi Kijumwa (1913). Liyongo huuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni. Usaliti umo ndani ya damu. Kwa Magere, siri kwamba uhai wake umo kivulini hufichuliwa na mgeni, na nasaba ya Sidho hubaki safi.

Lakini mke huyo alimsaliti nani? Kwa kipimo cha ukoo, kile kile kinachomtukuza Magere, yeye aliwatii baba zake waliomtuma. Akirudishiwa nasaba yake, mighani huwa na mashujaa wawili, na lawama hukosa pa kukaa. Ndiyo maana msimulizi humnyima jina.