Wazee walipitiwa: kuisoma upya hotuba ya Barbara Jordan

Anayemsifia Barbara Jordan huanza na sauti yake. Na kweli, sauti ilikuwapo: nzito, ya taratibu, kila silabi ikipewa haki yake. Ila sifa hiyo imekuwa pazia. Tunaisifia koo mpaka tunasahau kichwa. Hotuba yake ya tarehe 25 Julai 1974, ile iliyomtoa kwenye safu za wabunge wageni na kumfanya ajulikane Marekani nzima, mimi naisoma kama kazi ya wakili aliyejua atamwita shahidi gani, na lini.

Tumweke kwanza mahali pake. Alizaliwa mwaka 1936 mjini Houston, Texas, katika mtaa wa Fifth Ward, baba yake akiwa mhubiri wa Kibaptisti. Alisoma Texas Southern, chuo cha Weusi, akawa moto wa kuotea mbali kwenye midahalo. Kisha akaenda Boston kusomea sheria, akahitimu 1959. Katika *Barbara Jordan: A Self-Portrait*, kitabu alichokitoa 1979 pamoja na mwandishi wa riwaya Shelby Hearon, anakiri kwamba huko Boston aligundua kuwa kunguruma ni kitu kimoja na kufikiri ni kingine. Akajiona kama mtu anayefidia miaka kumi na sita ya masomo ya kufikiri. Mtu anayesema hivyo kuhusu nafsi yake hapendi kusifiwa sauti tu.

Aliporudi nyumbani, ofisi yake ya kwanza ya uwakili ilikuwa meza ya chakula ya wazazi wake. Akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962, akashindwa. 1964, akashindwa tena. Tatizo halikuwa mtaa wake kumkataa. Kura zilihesabiwa kwa kaunti nzima, na humo watu wake walikuwa wachache. Mahakama zilipolazimisha majimbo yachorwe upya, 1966 akaingia Seneti ya Texas, Mweusi wa kwanza kuketi humo tangu 1883. Liweke hilo moyoni. Huyu aliona kwa macho yake hukumu ya korti ikifanya kile ambacho kampeni mbili zilishindwa kufanya. Anaposema anaiamini katiba, hasemi kwa ushabiki.

Mwaka 1972 akachaguliwa kwenda Washington, na akapangiwa Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi. Ndipo kashfa ya Watergate ikamkuta. Kamati hiyo ilikuwa inaamua kama Rais Richard Nixon ashtakiwe ili aondolewe madarakani. Kila mjumbe alipewa dakika kumi na tano, mbele ya kamera za televisheni.

Jordan anaanza na maneno ya kwanza ya katiba yao, yale ya "Sisi, watu". Anasema hati ile ilipokamilika tarehe 17 Septemba 1787, yeye hakuwamo ndani ya hao "sisi". Kwa miaka mingi, anasema, alihisi kwamba George Washington na Alexander Hamilton walimwacha nje kwa makosa tu. Lakini kwa marekebisho ya katiba, tafsiri na hukumu za mahakama, hatimaye ameingizwa.

Hebu tusimame hapo kwenye "kwa makosa". Nikitakiwa kulitafsiri, sitaandika "kimakosa", neno la karani. Nitaandika "walipitiwa". Ndilo neno tunalomsitiri nalo mzee aliyesahau kutaja jina la mtu kwenye kikao. Mzee kapitiwa, yaishe. Lina heshima ndani yake, na lina uongo mdogo ambao kila aliyepo anaujua.

Kwa maana ukweli ni kwamba hawakupitiwa. Katiba ya 1787 haikuwasahau watumwa, iliwahesabu. Kila mmoja alikuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu katika kugawa viti vya ubunge, ili mabwana zao wapate viti vingi zaidi. Washington mwenyewe alimiliki watumwa. Jordan, mwanasheria, hakuwa mgeni wa habari hizo. Kwa nini basi awasitiri?

Wasomaji wengi husema ni kejeli, na kejeli ipo. Ila naona na jambo la pili. Fuatilia hotuba inavyokwenda. Kwanza anatenganisha kushtaki na kuhukumu: Baraza linashtaki, Seneti inaamua, kwa hiyo mjumbe anayepiga kura ya kushtaki hajamtia mtu hatiani. Halafu anaanza kuita mashahidi. Anamwita Hamilton. Anamwita James Madison. Anaita mikutano ya majimbo iliyoidhinisha katiba. Anaweka kipimo chao, kisha kando yake anaweka kitendo cha rais. Madison alisema rais akishukiwa kushirikiana na mtu na kukawa na sababu ya kuamini atamkingia kifua, anaweza kushtakiwa. Na hapa, anasema Jordan, kuna fedha walizolipwa watuhumiwa. Kipimo, kitendo. Kipimo, kitendo. Hapandishi sauti. Hana haja.

Sasa ile heshima ya mwanzo inaeleweka. Wakili hamvunjii hadhi shahidi anayemhitaji. Lau angeanza kwa kusema wazee wale walikuwa wafanyabiashara wa watu, dakika tano baadaye asingeweza kuwasimamisha kizimbani wamshuhudie Nixon. Amewasamehe kwa kuwa ana kazi nao. Na anapomaliza kwa kusema kwamba kama kifungu cha kumshtaki rais hakitayafikia makosa haya, basi labda katiba ile ya karne ya kumi na nane itupwe kwenye mashine ya kuchanachana karatasi ya karne ya ishirini, ni aliyeachwa nje ndiye anayewauliza warithi kama bado wanautaka urithi wao.

Siku mbili baadaye kamati ilipitisha shtaka la kwanza kwa kura 27 dhidi ya 11. Tarehe 9 Agosti Nixon akaachia ngazi.

Lakini mbinu ina bei yake. Kile alichokifunika kwa neno la adabu kilibaki kimefunikwa, na wapo waliotoka pale wakiwa wamefarijika kuliko walivyostahili. Wanamtaja kama ushahidi kwamba katiba ilijirekebisha yenyewe, wakati kila marekebisho aliyoyataja yalidaiwa na watu, na mengine kwa damu. Tabia hiyo ya kufunga jalada mapema iliendelea hata katika maisha yake: ugonjwa wa neva uliomwanza akiwa bungeni aliufanya siri. Aliondoka bungeni mwaka 1979, akafundisha Austin hadi karibu na kifo chake Januari 1996.

Kwa hiyo, ukiipata hotuba hii, isikilize mara moja kwa ajili ya sauti, maana utamu wake si wa kunyimana. Kisha isome kwenye karatasi, kimya kimya, na ukifika kwenye yale "makosa" usiyaruke. Neno dogo hilo ndilo limebeba nyumba nzima, na chini yake wamelala watu ambao Jordan, kwa dakika zile kumi na tano, aliamua kutowaamsha.