Sungura Aliyerudi kwa Rangi na Thina

Mwaka 1927 Walt Disney na mchoraji mwenzake Ub Iwerks walimbuni Oswald, sungura mweusi mwenye masikio marefu, kwa ajili ya kampuni ya Universal. Filamu zake fupi zilipendwa, ila mkataba ulisema sungura ni mali ya Universal. Mwaka uliofuata Disney alisafiri hadi New York kumwomba msambazaji wake, Charles Mintz, amwongezee malipo. Aliondoka huko bila nyongeza na bila sungura, na wachoraji wake wengi walikuwa wamekwishachukuliwa na Mintz. Hasara hiyo ndiyo iliyomzaa Mickey Mouse, na Mickey akamfunika kabisa aliyemtangulia. Ilipofika 2006 kampuni ya Disney ilimrudisha Oswald kwa makubaliano ya ajabu kidogo: mtangazaji wake wa michezo Al Michaels aliruhusiwa kuhamia NBC, iliyokuwa chini ya kampuni moja na Universal, na haki za sungura zikaenda Disney. Lakini haki ziliingia mikononi mwa watu ambao watoto wao hawakumjua Oswald ni nani. Aliyemfanya ajulikane upya ni Epic Mickey, gemu la Wii lililotoka Novemba 2010, kazi ya studio ya Junction Point ya Austin, Texas, chini ya uongozi wa Warren Spector. Naamini lilifaulu kwa sababu ya uamuzi mmoja wa kiufundi: zana za mchoraji wa katuni ziligeuzwa kuwa sheria za dunia anayoishi sungura huyo.

Katika gemu hilo Mickey anatembea na brashi. Kitufe kimoja kinarusha rangi ya buluu, kingine kinarusha thina ya kijani. Fundi rangi yeyote wa mtaani anajua thina inavyofanya kazi, na gemu linamfuata fundi huyo kwa uaminifu. Ukuta ukimwagiwa thina unayeyuka, unabaki mchoro hafifu wa mahali ulipokuwa, na unaweza kupita. Ukirushiwa rangi, unajaa tena na kuwa mgumu. Daraja lililofutika unalipaka kwanza, ndipo unaruka. Viumbe wa wino wanaokushambulia unaweza kuwayeyusha, au ukawapaka rangi hadi wakawa marafiki wa kukupigania. Hata mnara mkubwa wa saa unaopambana nao mapema unaweza kutulizwa kwa rangi au kuvunjwa kwa thina. Sasa rudi kwenye studio za zamani. Michoro ilinakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu za seluloidi, ikapakwa rangi upande wa nyuma, ikapigwa picha, kisha nyingi zikaoshwa ili zitumike tena. Mhusika wa katuni kufutwa lilikuwa jambo la kila siku kazini. Spector hakuhitaji kutafuta fumbo la kueleza usahaulifu, maana lilikuwa tayari kwenye ndoo ya kuoshea.

Uaminifu huo kwa mchoro unaonekana hata kichwani mwa Mickey. Kwenye karatasi masikio yake ni duara mbili, na yanabaki duara mbili popote anapogeukia. Kwa umbo la pande tatu hilo haliwezekani, kwa sababu sikio bapa likitazamwa ubavuni linakuwa mstari. Watengenezaji wakayafanya masikio yahame kichwani kadiri kamera inavyozunguka, ili mchezaji aone duara daima. Ni kazi ngumu kwa kitu ambacho wengi hawatakigundua, nami naiheshimu sana.

Dunia yenyewe, Wasteland, ni makazi ya wahusika waliosahauliwa, na Oswald ndiye mkazi wake wa kwanza. Kutoka eneo moja hadi jingine unaingia kwenye pazia la sinema na kupita ndani ya filamu ya zamani kama Steamboat Willie, ukitazamwa kwa ubavu, hivyo historia ya katuni inakuwa barabara ya kupita. Kisha unafika kwenye Mickeyjunk Mountain, mlima uliojengwa kwa bidhaa zenye sura ya Mickey zilizotupwa. Hapo ndipo maskani ya Oswald. Mickey anaruka kutoka takataka hadi takataka za umaarufu wake mwenyewe ili amfikie ndugu aliyenyimwa umaarufu huo. Hakuna hotuba, na wahusika karibu wote hawatamki maneno, wanaguna tu huku maandishi yakipita. Chuki ya Oswald unaielewa kwa kupanda.

Lawama kubwa dhidi ya gemu hili ni kamera, na ni ya haki. Inakwama kwenye kona, inakuziba unapotaka kulenga. Kamera ya gemu la majukwaa hutegemea kujua ukuta uko wapi, na hapa ukuta unaweza kutoweka na jukwaa likarudi wakati wowote. Ugumu huo unaeleza kosa bila kulifuta. Lawama ya pili ni nzito zaidi: utamfufuaje mhusika bila kumruhusu mchezaji amwendeshe? Jibu lilikuja 2012 katika Epic Mickey 2. Oswald alipewa sauti, rimoti ya umeme, mkono unaochomoka na masikio ya kurukia, akawa mwenzi wa mchezaji wa pili. Ukicheza peke yako, kompyuta inamwendesha, naye mara nyingi anapotea au anachelewa. Aliyekuwa mwenye mlima akawa msaidizi wa kusubiriwa mlangoni. Mtu anaweza kusema gemu lile lilikuwa na matatizo mengine, na ni kweli. Mauzo yalikuwa duni na Junction Point ilifungwa Januari 2013. Hata hivyo udhaifu wa Oswald ulionekana kabla ya hesabu za mauzo, ndani ya vyumba vyenyewe, kila alipokosa kufika kwenye swichi yake.

Septemba 2024 studio ya Purple Lamp ya Vienna ilitoa toleo jipya la gemu la kwanza, Epic Mickey: Rebrushed. Ilirekebisha kamera na kumpa Mickey mbio na mapigo mapya. Oswald haikumgusa: bado yuko juu ya mlima ule ule, na bado ni lazima umpandie.