Projekta nne, ukuta mmoja mweusi

Wandugu, ukitaja video maping mbele ya vijana wa hapa Goma, swali la kwanza ni: «Iko na projekta ngapi?» Kwangu swali la kwanza ni ukuta gani.

Projekta mbili zikisimama kando kando, picha zao zinapandana kidogo katikati. Pale mwanga unakuwa mara mbili, kwa hiyo programu kama Resolume Arena ao MadMapper inapunguza kila upande polepole, mshono usionekane. Lakini hakuna programu inayoweza kutoa weusi. «Nyeusi» ya projekta ni mwanga mdogo tu, na zikipandana, weusi unageuka ukanda wa kijivu. Weka picha ya usiku, utaona ukanda ule umesimama kama nguzo. Ongeza taa moja iliyozeeka, yenye kuvuta umanjano, njo utaelewa kwa nini projekta nne za kuazima huku na huku zinaweza kushindwa na mbili zinazofanana.

Sasa, ukuta wetu. Goma imejengwa kwa jiwe la volkano, jeusi, la kukwaruza. Linameza mwanga. Wengi wanakimbilia kitambaa cheupe. Sawa, hiyo ni sinema, na sinema haina haya. Lakini tusiiite maping, juu jengo lenyewe limefichwa. Mimi ningeacha jiwe libakie jeusi, nitie mwanga mu mistari ya simenti kati ya mawe, mle inaposhika vizuri. Projekta moja inatosha kwa nyumba moja. Sanamu ya Chukudu ni kesi ingine: ni ya mviringo, hapo kweli unahitaji kadhaa kuizunguka, lakini rangi yake ya dhahabu itaharibu buluu yako yote.

Mashine nyingi si jambo jipya. Mwaka 1958, kwenye Expo ya Bruxelles, banda la Philips lilirusha picha juu ya kuta zilizopinda, pamoja na muziki wa Edgard Varèse, dakika kama nane: hadithi ya binadamu wote, walisema. Kwenye Expo ile ile, Wakongomani waliwekwa mu kijiji nyuma ya uzio, watu wakawatazama na kuwatukana, mpaka wakaondoka kabla Expo haijafungwa. Ufundi ulikuwa wa ajabu. Jicho njo lilikuwa bovu.

Njo maana sipendi ile athari ya haraka, moto wa kompyuta kutiririka juu ya jiwe la lava. Kwa mgeni ni maridadi. Wanaosimama barabarani wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Kuna ambao nyumba yao iko chini ya jiwe lile. Ukitaka kuonyesha moto, uwe na neno la kuwaambia hao kwanza.

Halafu kuran. Projekta ya taa, lumeni 5000, inakula karibu wati 400. Nne, jenereta ndogo inazibeba. Shida ni kuran ikikatika sekunde mbili tu: taa ya moto haikubali kuwaka tena mpaka ipoe, na watu wanakaa gizani dakika kadhaa, mwanamuziki akiendelea peke yake. Kabla ya kutafuta projekta ya tano, tafuta betri ya kushikilia zile nne.