Mzigo wa Mashabiki: Maoni Juu ya Albamu Moja ya Queen

Albamu ya bendi ya Queen iitwayo A Night at the Opera ilitolewa Uingereza mwezi Novemba 1975. Ina nyimbo 12, na kila mpenzi wa roki niliyepata kuzungumza naye, Dar es Salaam, Tabora mjini au hapa kwetu Tura, ana maoni yake juu yake. Maoni hayo nimeyasikiliza kwa miaka mingi. Nimeona kwamba aghalabu hayahusu albamu yenyewe, bali humhusu mtu mmoja na mahali alipozaliwa. Nataka kuyapima hapa, kwa sababu naamini yanatuzuia kusikia kitu kilicho wazi kabisa ndani ya santuri ile.

Mtu huyo ni Freddie Mercury. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alipofikisha miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Hayo ndiyo maisha. Sasa tutazame mashabiki wameyafanyia nini.

Kundi la kwanza husema: huyu ni wetu. Ushahidi wao mkubwa ni neno moja, Bismillahi, linalosikika katikati ya Bohemian Rhapsody, pale sauti zinapovutana juu ya kumwachia au kutomwachia kijana aliyekamatwa. Nimewaona watu wazima wakiinua kidole neno hilo likipita, kama vile wamemwona ndugu yao ndani ya treni. Wanasema: sikilizeni, hiyo ni Unguja.

Ni kweli kwamba mtoto aliyekulia Mji Mkongwe hawezi kukosa kulisikia neno hilo kila siku. Lakini Waparsi ni watu wa dini ya Zoroasta, si Waislamu, na Mercury mwenyewe hakuwa mtu wa kuzungumza sana hadharani juu ya utoto wake. Isitoshe, katika sehemu hiyohiyo ya wimbo wanatajwa Galileo na Scaramouche. Ikiwa neno moja la Kiarabu linatosha kuufanya wimbo kuwa wa Unguja, basi majina hayo mawili yanatosha kuufanya kuwa wa Italia. Anayesikiliza kwa namna hiyo anasubiri neno lake tu, likishapita haoni tena kilichobaki. Na kilichobaki ni kazi ya ajabu: Mercury, Brian May na Roger Taylor walizirekodi sauti zao tena na tena katika mkanda wa njia 24, wakazijumlisha na kuzirekodi upya, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya iliyojaa ukumbi.

Kundi la pili husema kinyume: huyu si wetu, na muziki wake hautuhusu. Mwaka 2006, yalipoandaliwa Unguja maadhimisho ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Uamsho ilipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe ikafutwa. Baadaye upepo uligeuka, na mwezi Novemba 2019 ilifunguliwa Shangani makumbusho yenye jina lake, ambayo watalii huyaendea. Lakini wako wanaokataa kwa sababu nyingine kabisa, na hao nawaheshimu zaidi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, ana desturi ya kuzima redio kaseti mara tu Bohemian Rhapsody inapokwisha. Hataki kusikia kipande cha mwisho cha albamu, kwa sababu ni wimbo wa taifa wa Waingereza uliopigwa kwa magitaa. Anasema bendera ile ilishushwa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, na yeye hataisimamia tena sebuleni kwake.

Wako wanaomjibu kwamba kipande kile ni mzaha tu wa vijana. Sidhani. Mwaka 2002 Brian May alipanda juu ya paa la kasri ya Buckingham akakipiga mbele ya umati katika jubilei ya Malkia, na hakuna aliyecheka. Kwa hiyo mwalimu ana haki ya kuzima. Ninachomwambia ni kwamba kipande kile kina urefu wa dakika moja na ushei, na albamu nzima ni dakika 43. Tusiitupe nyumba kwa sababu ya bendera iliyotundikwa mlangoni.

Kundi la tatu halijali Unguja wala London. Ni wapenzi wa roki nzito, na malalamiko yao ni kwamba albamu hii inasifiwa kuwa ya roki nzito ilhali nusu yake ni vichekesho. Wanazitaja Lazing on a Sunday Afternoon na Seaside Rendezvous, nyimbo zenye mwendo wa kumbi za starehe za zamani za Kiingereza. Wao wanataka Death on Two Legs, ambayo hasira yake inaunguza tangu mwanzo, na Sweet Lady, na The Prophet's Song yenye zaidi ya dakika nane. Kundi hili angalau linasikiliza muziki, na kwa hiyo nabishana nalo kwa furaha.

Jibu langu ni kwamba uzito wa albamu hii hauko katika kelele. Gitaa la May alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, kazi waliyoianza mwaka 1963, na shingo yake ilichongwa kutoka katika ubao wa meko ya zamani. Hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya plastiki. Katika Good Company gitaa hilohilo linajifanya bendi nzima ya jazi, tarumbeta na klarineti, bila hata mpulizaji mmoja kuwamo studio. Queen walikuwa na tabia ya kuandika katika majalada yao ya miaka ile kwamba hawakutumia kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Sweet Lady, ambayo mashabiki hawa wanaishangilia, kwangu ndiyo nyimbo dhaifu kuliko zote: ina nguvu ya mkono lakini haina la kusema. The Prophet's Song ni jambo jingine. Katikati yake vyombo vyote vinanyamaza, na sauti ya Mercury inabaki peke yake, inajiitikia yenyewe kwa mwangwi uliotengenezwa kwa mikanda. Kila niisikiapo sehemu hiyo humfikiria kirangozi wa msafara ambaye wapagazi wake wametoroka usiku, naye anaendelea kuimba na kujiitikia mwenyewe.

Msomaji asiyeijua Tura atashangaa kwa nini nimefikiria msafara. Tura iko mashariki ya Tabora, na leo ni kituo katika Reli ya Kati. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilivuka kwanza Mgunda Mkali, nyika ya miiba na uhaba wa maji, na Tura ndiyo ilikuwa ya kwanza katika vijiji vya Unyamwezi. Richard Burton, aliyepita hapa pamoja na John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba jina letu ni amri ya kumwambia mpagazi atue mzigo. Mnyamwezi hatashangaa, maana kutula na kutua ni neno moja lililobadili nguo. Waliotua hapa walikuwa wametua pia nyimbo zao, za pwani na za bara. Wimbo uliofaa kwa mwendo ulichukuliwa na kupelekwa mbele. Sijasikia kwamba kuna aliyeulizwa kwanza wimbo wake umezaliwa wapi.

Kwa kipimo hicho cha mpagazi, wimbo wa albamu hii uliofika Tura si ule wenye neno la Kiarabu, na hakuutunga wala kuuongoza mtu wa Unguja. Ni wa tano katika upande wa kwanza, nao unaitwa '39. Aliyeutunga na kuuimba ni Brian May, Mwingereza halisi, ambaye alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota kabla ya umaarufu, na mwaka 2007 alimaliza shahada yake ya udaktari katika fani hiyo. Unapigwa kwa gitaa la kawaida lisilo na umeme, na John Deacon anapiga besi kubwa ya kusimama. Hadithi yake ni hii: watu waliojitolea wanapanda chombo kwenda kutafuta dunia mpya. Wanaporudi, kwao umepita mwaka mmoja tu, lakini nyumbani imepita miaka mia. Msimuliaji hamkuti mkewe. Anakuta macho yake katika uso wa kizazi kilichofuata. Elimu iliyomo ni ya Einstein, kwamba anayekwenda kwa kasi kubwa mno muda wake hupungua mwendo.

Kaseti iliyozunguka kwetu ilikuwa ya dakika 90: upande mmoja albamu hii, upande wa pili Tabora Jazz. Jioni moja nilikuwa nikiisikiliza karibu na mzee wa jirani, marehemu sasa, ambaye ujana wake aliumaliza katika mashamba ya mkonge ya Tanga, katika kundi la wale walioitwa manamba. '39 ilipoanza aliacha kuzungumza. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, hao wanaimba nini?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa juu, nikiruka habari za Einstein. Akakaa kimya, kisha akasema, "Huyo alikwenda mkonge." Halafu akataka kujua kama yule mtoto alimtambua baba yake. Nikamwambia wimbo hausemi. Akasema, "Hawakutambui. Unawaambia jina lako."

Kati ya maoni yote ya mashabiki niliyoyasikia juu ya A Night at the Opera, hilo ndilo naliona kuwa uhakiki wa kweli. Mzee hakuuliza mwimbaji ni mtu wa wapi. Aliuchukua wimbo, akaupima kwa uzito wa maisha yake, akakuta unalingana, kisha akaonyesha mahali ambapo mtunzi amenyamaza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuja na kasi mpya, na wengi waliopanda kwenda mkonge walidhani wanakwenda kwa mkataba mmoja tu. Kwa aliyeondoka, kazi ilikuwa ileile kila siku, mwaka ukafanana na mwaka. Kwa waliobaki, watoto walikua, wake waliolewa kwingine, wazee walizikwa. Hesabu za Einstein hazikuhitajika ili saa za nyumbani na saa za safarini zitengane.

Rafiki yangu mwalimu alinipinga. Alisema mzee hakuusikia wimbo, alisikia tafsiri yangu, na kwamba ningeweza kumtafsiria wimbo wowote akaona maisha yake humo. Hoja hiyo ina nguvu, na sikuijibu haraka. Lakini mzee aliacha kuzungumza kabla sijatafsiri neno hata moja, na nyimbo nne zilizotangulia hazikumnyamazisha. Nadhani sababu iko katika utengenezaji wenyewe. Mwendo wa '39 ni mwendo wa miguu, na sauti moja inasimulia mpaka kiitikio kinapofika, ndipo wengine wanaingia pamoja nayo. Juu kabisa, bila maneno, anapanda mmoja kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeita kutoka mbali. Sikio lililolelewa na nyimbo za safari linaujua mpango huo. Katika The Prophet's Song kiongozi anajiitikia peke yake. Katika '39 anaitikiwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Albamu hii si kamilifu. Ina mizaha isiyovuka bahari, na ina nyimbo moja au mbili zilizowekwa kujaza nafasi. Bohemian Rhapsody inastahili sifa zake: ilikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa, ikairudia nafasi hiyo mwaka 1991 baada ya mwimbaji wake kufariki. Lakini sifa hizo, pamoja na fahari yetu ya kuwa na mtoto wa Unguja katika jambo kubwa la dunia, zimetufanya tuisikilize albamu kama watu wanaokagua cheti cha kuzaliwa. Wanaomdai Mercury na wanaomkataa wanafanya kosa moja, maana wote wanauliza swali la mlangoni.

Fahari hiyo siidharau. Kijana wa Shangani akisimama mbele ya picha ya Mercury na kujiambia kwamba hata mimi naweza, amepata kitu. Ila tusimwambie kwamba amekwisha kuisikia albamu. Na msikilizaji wa Tura, ambaye hana pa kudai undugu na mtu yeyote katika bendi ile, asidhani amebaki nje. Anayetaka kubishana nami juu ya A Night at the Opera aanze na wimbo wa tano wa upande wa kwanza, ausikilize mpaka mwisho, ndipo aje tuzungumze.