Kazimoto Alikuwa Anamwambia Nani?

Kichwamaji inaanza na mtu anayengoja. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni, anataka kumwona mkuu wa wilaya, na mkuu huyo ni Manase, jamaa waliyesoma naye. Anangojeshwa kama wengine wote. Nimeisoma riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi mara nne bila kukipa kile kiti cha kungojea uzito wowote. Mara ya tano nilikuwa nimekalia changu.

Changu kilikuwa cha plastiki, ghorofa ya 3, barabara ya Ngong, mlango wa pili kutoka kwa daktari wa meno. Mashine yake ilikuwa inalia ukutani. Nilifika nusu saa mapema kwa kuogopa jam, na siku hiyo, kwa kisirani, hakukuwa na jam. Kwenye mkoba nilikuwa na simu, nauli ya kurudi, na Kichwamaji niliyonunua mitumba kwa shilingi 150, jalada limeshikiliwa na selotepu. Sikuibeba nisome. Niliibeba vile watu hubeba dada yao wakienda kliniki.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Si kwa sababu ya mimba, ijapokuwa hilo ndilo swali la kwanza ambalo jirani yetu kule Nakuru aliuliza. Nilianza kwa kukosa darasa moja moja, nikawa nalala mchana, halafu siku ya mtihani nikapanda matatu, nikashuka steji mbili kabla ya chuo, nikanunua hindi la kuchoma nikakaa kwenye ukuta wa duka hadi saa za mtihani zikaisha. Mamangu sikumwambia. Kwa miezi minane kila akipiga simu masomo yalikuwa mazuri. Aliyenisukuma kwa kaunsela ni binamu yangu ambaye alichoka kuwa mtu wa pekee anayejua.

Nilikuwa nasomea Kiswahili na fasihi, kwa hiyo Kazimoto nilifundishwa. Tulifundishwa kwamba ni mdhanaishi. Notisi zangu bado ninazo: maisha hayana maana, mtu yuko peke yake, kifo ndicho kitu pekee cha uhakika, taja Sartre na Camus, toa mifano. Ni majibu sahihi. Hakuna mhakiki wa Kezilahabi ambaye angeyakataa, na mwenyewe alikuwa msomi wa falsafa aliyejua alichokuwa anafanya. Lakini kuna kitu hayo majibu yalinifanyia ambacho sikukiona hadi mwaka huu. Yalinipa jina zuri la hali mbaya. Nilipokuwa nimelala saa nane mchana na pazia limefungwa, sikuwa mgonjwa wala mvivu. Nilikuwa mdhanaishi.

Nilimpenda Kazimoto kupita kiasi. Nilidhani nimepata mtu mwenye kichwa kama changu.

Kaunsela ni mama wa miaka hamsini na kitu, vyeti ukutani, leseni yake imewekwa pahali utaiona tu (tangu mwaka 2014 kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia, sijui ni wangapi huwa tunauliza leseni). Nilimwita Madam. Akasema nimwite kwa jina. Siwezi kumwita mtu wa rika la mamangu kwa jina, kwa hiyo hadi leo namwita Mama, na ameniachia. Kabla sijafungua mdomo alinieleza mipaka ya siri: nitakayoyasema yatabaki hapo, isipokuwa akiona kwamba maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini. Tukaongea pesa. Bei yake ni 3,500 kwa dakika 50. Nikamwambia mimi ni mwandishi wa kujitegemea, akanitazama kwa huruma ya kweli, tukakubaliana 1,500.

Halafu akanipa karatasi.

Karatasi hiyo nataka kuihakiki pia, kwa sababu ni maandishi, na imesomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili. Inaitwa PHQ-9. Ilichapishwa Marekani mwaka 2001, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu ni kati ya 0 na 3, jumla 27. Inauliza kuhusu usingizi, chakula, uchovu, hamu ya mambo, kujiona umeshindwa. Haina wewe wala mimi wala mahali popote. Mtu hasemi ni kwa nini halali, anasema ni siku ngapi. Nilikasirika nayo jinsi mwanafunzi wa fasihi anavyokasirika na kitu kisichokuwa na sauti. Baadaye usiku nilimjazia Kazimoto, kwa ujinga tu. Alipata 21. Mimi nilikuwa nimepata 17. Nikajiona bado niko nyuma yake, na nikashtuka kwamba hilo liliniumiza.

Swali la 9 ndilo la kujidhuru. Kalamu yangu ilisimama hapo. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria za adhabu kinapingana na Katiba, kujaribu kujiua hapa Kenya lilikuwa kosa ambalo mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Unakua ukijua jambo kama hilo haliandikwi. Kaunsela aliona kalamu imesimama, akaniuliza kwa mdomo, waziwazi, kwa Kiswahili, bila kupunguza sauti. Nilikuwa nadhani kuulizwa hivyo ni kumtia mtu wazo. Kumbe ilikuwa kama mtu amefungua dirisha la matatu. Nilimjibu. Jibu lenyewe ni lake na langu.

Basi akasema, haya, ni nini kimekuleta? Nikamwambia habari za Kazimoto.

Si mzaha. Nilizungumza juu ya Kazimoto dakika 20 kati ya 50 nilizolipia. Nilimweleza Ukerewe, ambako Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944. Nilimweleza riwaya zake tatu za miaka mitano: Rosa Mistika ya 1971, Kichwamaji ya 1974, Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975, na kwamba katika zote tatu mhusika mkuu hafiki mwisho akiwa hai. Nilianza kwa Kiingereza, nikasikika kama makala ya watu wengine, nikahamia Kiswahili. Hakuwa ameisoma Kichwamaji. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, kisha akauliza:

“Huyu Kazimoto, hayo yote alikuwa anamwambia nani?”

Nikamwambia anatuambia sisi, wasomaji, ni usimulizi wa nafsi ya kwanza. Akasema, “Sawa. Na kwa hao walioko hadithini, alimwambia nani?”

Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu kumtafutia jibu, na hapo ndipo nilipoanza kukisoma upya. Kazimoto si bubu. Anaongea na watu, anabishana na wenzake kuhusu Mungu na elimu na maana ya kuishi, na anabishana vizuri. Lakini kubishana ni njia nzuri sana ya kutoulizwa kitu. Anayeshinda hoja haulizwi kama amelala. Mawazo anayotuletea sisi kwa siri, kurasa kwa kurasa, hayamfikii mtu yeyote anayeweza kumshika mkono. Sisi tumefanywa washauri wake, ila washauri waliofungwa mdomo: tunasikia yote na hatuwezi kuuliza swali hata moja. Nadhani hapo ndipo ukatili wa riwaya hii ulipo, zaidi ya kwenye falsafa yake. Na Kiswahili ambacho Kezilahabi alikichagua, cha sentensi fupi zisizo na mapambo, kinaongeza ukatili huo, kwa sababu Kazimoto anasikika kama mtu mtulivu. Mtu akisema kwa utulivu kwamba amechoka na dunia, darasa zima linaandika notisi.

Kuna lingine nililoliona kwa kuchelewa, na lilinitia aibu. Kuna Rukia.

Rukia ni dada yake Kazimoto. Manase anampa mimba, na Rukia anakufa. Mara nne nilipita juu ya habari hiyo kama mtu anayeruka tuta barabarani, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye mawazo ya kakake. Mimi, msichana, ambaye jirani yake mwenyewe alishamtafutia mimba isiyokuwepo! Tunamsikia Rukia kupitia kwa Kazimoto tu, na maumivu yake hayakai yake kwa muda mrefu. Yanageuka kuwa kisasi cha Kazimoto, kisasi anachopanga kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, ambaye mwishowe anamuoa. Kwa hiyo mtu asiyesikilizwa naye hasikilizi. Sijui kama Kezilahabi alikusudia tulione hilo au lilimponyoka. Aliyeandika Rosa Mistika hakuwa mtu asiyejua kinachowapata wasichana, ndiyo maana nasitasita. Lakini nikiisoma Kichwamaji leo naiona kama kasoro, na ni kasoro yangu pia, kwa sababu nilipochagua ni nani kitabuni anayefanana nami, nilimchagua anayesema maneno makubwa.

Lakini sitaki mtu afikiri kaunsela alishinda na riwaya ikashindwa. Kufikia siku ya tatu nilikuwa na ugomvi na kile chumba. Kila tulichokigusa kilikuwa ndani yangu: pumzi zangu, mawazo yangu, tabia yangu ya kufunga pazia. Alinifundisha kupumua kwa kuhesabu, na inasaidia, sikatai. Ila nilikuwa na kodi ya miezi miwili, mkopo wa serikali wa kusomea digrii ambayo sina, na mhariri mmoja ambaye hajanilipa tangu Pasaka. Hayo hayako kifuani mwangu. Kezilahabi hangefanya kosa hilo. Balaa la Kazimoto liko ofisini kwa Manase, kwenye uhuru ambao miaka kumi na kitu baadaye umempa mmoja ofisi na mwingine kiti cha kungojea. Liko kwenye elimu iliyomtoa kwao bila kumfikisha kwingine. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Aliyetoka huko alibeba macho ya kijiji chote. Mimi nilibeba ya mtu mmoja tu, mwenye duka la nafaka Nakuru, na yalinishinda.

Nilimwambia kaunsela hivyo, kwa hasira kidogo. Hakujitetea. Aliniuliza kodi ni ngapi, akaandika.

Zimbabwe kuna neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na ni hivyo watu huko wanavyoutaja huu ugonjwa. Daktari Dixon Chibanda na wenzake waliliheshimu neno hilo: tangu 2006 nyanya waliofunzwa huketi na watu kwenye mabenchi nje ya kliniki, wakiuliza maswali yaliyotokana na maneno ya Washona wenyewe. Sisi kamusi imetupa sonona, neno ambalo sijawahi kumsikia binadamu akilisema kwenye matatu. Watu husema nimechoka, roho imekuwa nzito, kichwa kimejaa. Kezilahabi aliiita riwaya yake Kichwamaji, na nikifikiria karatasi ya kaunsela ingeandikwa upya na mtu wa huku, natamani angeanzia kwenye jina hilo.

Mamangu nilimwambia wiki ya tano, kwa simu, nikiwa nimesimama nje ya lile jengo kwa sababu ndani network ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Aliniacha nimalize, akanyamaza, halafu akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema, “Nenda ule kwanza, tutaongea jioni.” Tuliongea jioni. Alilia, akanigombeza kuhusu pesa za karo, akataka kujua huyo mama ninayemlipa 1,500 kuniuliza maswali anaokoka wapi. Hajanisamehe bado, nadhani, lakini siku hizi akipiga haulizi masomo.

Sura ya mwisho ya Kichwamaji sijaisoma tena. Kaunsela hakunikataza. Aliuliza tu nimefika wapi, nikamwambia nimebakisha kurasa chache, akasema niilete Alhamisi tuone kama ningependa kuisoma mle ndani, kwa sauti. Nimeweka risiti ya M-Pesa niliyoichapisha katikati ya kitabu, mahali nilipokomea. Selotepu inaachia tena.