Hongera, Wapima Moshi

Mpima moshi wa kiwanda hupanda jukwaa la bomba, akachomeka mrija tunduni na kuirekebisha pampu hadi hewa iingie kwa kasi ileile ya moshi unaopita. Akivuta polepole mno, vumbi huonekana jingi kuliko lilivyo. Akivuta kwa pupa, huonekana haba. Na mvua ya Uingereza haimsubiri amalize.

Source Testing Association, chama cha fani hii huko tangu 1995, hutoa mafunzo na kuandaa makongamano. Mimi nakipongeza zaidi kwa mwongozo wake wa usalama, unaomtaka fundi apime kwanza hatari zake mwenyewe: kuanguka, kuungua, gesi ya sumu. Mpango wa vyeti vya wapimaji, MCERTS, ni wa Environment Agency, wakala wa mazingira wa huko. Chama huwanoa watahiniwa.